Amemeza Nini Mtoto?



Jioni moja mjukuu wangu, mwenye umri wa miaka miwili, alianza kutokwa na udenda usiokoma, akakataa hata maziwa. Tulidhani amemeza sarafu. Bibi yake, kwa desturi tuliyorithi kwa wazee wetu, alikwisha menya ndizi mbivu ili imsukumie tumboni; nami, mwalimu mzima, nilisimama kando nikiafiki. Mama yake ndiye aliyeiona rimoti sakafuni, kifuniko wazi, betri haimo. Akapiga 999.

Eksirei ilionyesha duara lenye ukingo maradufu, alama ya betri. Madaktari waliitoa usiku ule ule kwa mpira mwembamba wenye taa, lakini umio ulikwisha babuka. Amepona, alhamdulillahi, ila kwa majuma kadhaa alilishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Ile ndizi ingalimzidishia balaa na kuchelewesha tiba.

Ni kweli kwamba vitu vingi vinavyomezwa na kufika tumboni, yapata 80 hadi 90 katika kila 100, hutoka vyenyewe kwa haja kubwa. Lakini viko visivyosubiriwa.

Cha kwanza ni betri ya duara, hasa ile pana ya milimita 20. Ikikwama kwenye umio, unyevu wa mwili huunganisha ncha zake, umeme hupita, na hapo huzalika kemikali kali mfano wa magadi yachomayo. Saa 2 zatosha kuunguza nyama, na hata betri isiyowasha tena rimoti huweza kudhuru. Betri hizi zimo pia katika saa, vitu vya kuchezea na kadi za Idi zinazoimba.

Cha pili ni sumaku. Zikimezwa mbili au zaidi, huvutana kutoka pande mbili za utumbo, zikaubana mpaka ukatoboka.

Cha tatu ni pini. Mabinti wetu wamezoea kuzishika midomoni wanapofunga mtandio. Kicheko kimoja au kikohozi, pini huteremka tumboni au mapafuni. Daktari Chevalier Jackson wa Philadelphia (1865–1958) alihifadhi zaidi ya vitu 2,000 vilivyotolewa kwenye koo, umio na mapafu ya watu. Pini ni miongoni mwavyo.

Na mwiba wa samaki? Tonge kavu la wali au ugali laweza kuuzamisha zaidi. Uacheni, mwende kwa daktari.

Ukishuku betri, usimtapishe mtoto wala usimlishe chakula. Kimbilia hospitali hata akiwa anacheza. Aliyetimiza mwaka mmoja, ikiwa hazijapita saa 12 na anaweza kumeza, apewe asali vijiko 2 vya chai kila dakika 10, isizidi mara 6, mkiwa njiani. Asali isiwe sababu ya kuchelewa. Wa chini ya mwaka asipewe kamwe. Udenda, kukataa chakula, maumivu ya kifua au tumbo, matapishi ya damu na choo cheusi ni dalili za hatari.

Usiku huu, kabla ya kulala, kagueni vifuniko vya rimoti zenu. Sisi tulikagua baada ya msiba kubisha hodi. Tahadhari kabla ya athari.

Wassalaam.