Fundi bila leseni California: kazi nzuri haikuokoi

Mafundi wetu wengi California huanza na vibarua vya wikendi: kupaka rangi, kuweka vigae, kubadilisha sinki. Mteja wa kwanza humleta wa pili, mpaka siku moja mtu anakubali kukarabati jiko zima kwa dola 18,000. Hapo keshavunja sheria, mara nyingi bila kujua.

Tangu Januari 1, 2025, asiye na leseni anaruhusiwa kazi ya chini ya dola 1,000 tu, vifaa na ufundi vikijumlishwa. Hata hiyo isiwe inahitaji kibali cha ujenzi, wala asiajiri msaidizi. Awali kiwango kilikuwa dola 500. Kuigawa kazi moja kwenye ankara ndogondogo hakusaidii; inahesabiwa kazi nzima.

Watu huogopa jela, na kweli ipo: kosa la kwanza ni hadi miezi 6, faini hadi dola 5,000, au vyote viwili. Kwenye eneo lililotangazwa la maafa, kama ilivyokuwa Los Angeles baada ya moto wa Januari 2025, kifungo kinaweza kufika miaka 3. Na ukiomba uraia, fomu itakuuliza kama umewahi kukamatwa au kushtakiwa.

Lakini kinachofilisi familia ni kifungu cha 7031 cha sheria ya jimbo. Mteja akikataa kukulipa, huwezi kumdai mahakamani. Zaidi ya hapo, yeye anaweza kukushtaki arudishiwe kila senti aliyokupa, pamoja na ile uliyonunulia mbao na kulipa vibarua, na jiko likabaki lake. Hata kama kazi ni safi. Hata kama alijua huna leseni. Kuipata leseni katikati ya kazi nako hakuponyi.

Katika kesi iliyoamuliwa mwaka 1991, kampuni ya New York, Hydrotech, iliyojenga bwawa la mawimbi Palm Springs, ililalamika kwamba mteja aliibembeleza ifanye kazi huku akijua hatailipa yote. Mahakama ya Juu ya jimbo ilijibu kwamba hata kama alidanganya, asiye na leseni hana dai. Majaji walisema sheria imewekwa kuulinda umma, na ukali huo umekusudiwa. Mimi naona unamwonea fundi mwaminifu, ila ndiyo sheria tunayoishi nayo.

Njia halali haijafungwa kama wengi wanavyodhani. Bodi ya leseni za wakandarasi inataka uzoefu wa miaka 4 ndani ya 10 iliyopita, mitihani, alama za vidole, na dhamana ya dola 25,000, ambayo hununuliwa kwa ada ya mwaka, si kwa kutoa fedha zote mkononi. Asiye na namba ya Social Security anaweza kutumia namba ya mlipakodi, ITIN.

Ndugu fundi, anza sasa kutafuta watu watakaothibitisha kwa maandishi miaka yako ya kazi. Wakati ukisubiri leseni, fanya kazi kama mwajiriwa wa mkandarasi mwenye leseni; mshahara huo ni wako, na hakuna mteja anayeweza kukudai.