Ukumbi wa Vyakula Huanzia Chini ya Sakafu

Mtu atokaye Mabamba, kata ya Wilaya ya Kibondo inayopakana na Burundi, hana haja ya kufundishwa jinsi chakula kinavyovuta biashara. Kwani katika magulio ya nyanda hizi, toka Kibondo hata Kasulu, na katika masoko ya mpakani tuyaitayo ya ujirani mwema, aghalabu mtu huja kuuza muhogo au kununua maharage, kisha huketi kwa mama lishe akala, na akiinuka hapo huzunguka tena na kununua kitu ambacho alipotoka nyumbani hakukikusudia. Ni ilmu hiyo hiyo waliyoitumia wenye maduka makubwa ya mijini walipoyatengea majiko na meza nafasi ya heshima ndani ya majengo yao, mathalan Village Market ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1995. Na Wazungu waliitambua mapema zaidi, maana kumbi za vyakula za duka la Harrods mjini London zilipambwa kwa vigae vya fakhari tangu mwanzo wa karne ya 20.

Ukumbi wa namna hiyo ni majiko mengi chini ya paa moja, kila mpishi na kibanda chake, na walaji wakishiriki meza zilizo katikati. Mwenye mali anayetaka kuujenga uwe wa hadhi ya juu huanza mazungumzo na msanifu wake kwa kutaja marumaru, taa za kuning'inia na viti vya ngozi. Mimi husihi mazungumzo yaanzie mahali pengine, yaani chini ya sakafu na juu ya dari, kwa kuwa ukumbi ambao maji yake machafu hayana njia na moshi wake hauna pa kutokea hukimbiwa na wateja wale wale walioitiwa marumaru.

Tuanze na mafuta, na kwetu Kigoma mafuta ni mawese. Mawese yakiwa motoni ni maji matupu. Lakini yakipoa, hasa katika baridi ya asubuhi ya nyanda za juu, huganda yakawa mazito. Mpishi anapoosha sufuria kwa maji ya moto, mafuta hutiririka kwenye bomba bila ya kuleta ghasia, yakafika chini ya ardhi ambako kuna ubaridi, yakashika kwenye kuta za bomba, na kesho yake mengine yakashika juu ya yale ya jana, hata njia ikaziba na majitaka yakarudi juu kwenye sakafu ambapo watu wanakula. Dawa yake ni mtego wa mafuta: kisima kidogo cha zege au cha chuma kilichogawanywa kwa kuta za ndani, ambamo maji hupunguza mwendo na kupoa, mafuta yakaelea juu, makombo yakazama chini, na maji ya katikati yakapita chini ya ukuta kwenda zake. Mafuta na makombo yakifika robo ya kina cha kisima, sharti kisafishwe. Na kwa sababu harufu yake kikifunuliwa haivumiliki, kisima hicho huwekwa nje, mahali ambapo mtu wa kukisafisha hufika bila ya kupita mbele ya mlaji. Nimeona jengo jipya ambalo mfuniko wa mtego uliwekwa katikati ya meza, na siku ya kuufungua biashara yote ilisimama. Sakafu ya jikoni nayo iinamishwe sentimita 1 au 2 kwa kila mita kuelekea mfereji, vinginevyo maji ya kudekia yatatuama pembeni.

Hewa ina kanuni yake. Juu ya kila jiko huwekwa kofia ya bati lisiloshika kutu, ikivuta moshi na mvuke kwenda kwenye dohani. Lakini kila kiasi cha hewa kinachotolewa hudai kingine kiingie badala yake, na mjenzi asipokileta kwa mpango, hewa itajiingiza kwa nguvu kupitia milango, feni zitahangaika bure, na moshi utamwagikia ukumbini. Mhandisi mzuri huleta sehemu kubwa ya hewa mpya moja kwa moja jikoni, na sehemu iliyobaki huiacha itoke ukumbini kuingia jikoni, hivyo kwamba harufu ya samaki hufuata upepo kurudi ndani na haimfikii yule anayekunywa kahawa mezani. Dohani yenyewe iwe ya chuma kilichounganishwa kwa kuchomelewa, yenye milango midogo ya kuisafishia, kwa maana mafuta yaliyoganda ndani yake yakishika moto huupeleka darini kwa kasi. Na mafuta yakiwaka hayazimwi kwa maji. Maji huyarusha yakiwa yanawaka, ndiyo sababu juu ya majiko huwekwa dawa maalumu inayofanya utando kama sabuni juu ya mafuta na kuukata moto.

Gesi ya mitungi tunayopikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipai, hutambaa sakafuni na kuingia kwenye mifereji na vyumba vya chini, ikingoja cheche. Basi mitungi ikae nje, penye uzio na upepo, na gesi iletwe ndani kwa bomba. Vifaa vya kugundua mvujo vifungwe karibu na sakafu, na isiwepo sababu yoyote ya kuhifadhi mtungi chini ya ardhi.

Haya si mageni kwa usanifu wa nchi yetu. Beda Amuli, msanifu Mtanzania, alipochora Soko la Kariakoo lililofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1975, aliliezeka kwa miavuli mikubwa ya zege inayopokea mvua na kuiteremsha hadi kwenye matangi yaliyo chini, huku mwanga na upepo vikipata njia pasipo kutegemea mashine. Na kwa fikra yangu hakuna paa la soko katika Afrika ya Mashariki lililofikiriwa kwa kina kuliko lile. Moto ulioliunguza tarehe 10 Julai 2021 nao umebaki somo juu ya majengo yenye watu na bidhaa nyingi. Huko Unguja, Bustani ya Forodhani, ambako watu hula mishkaki na urojo jioni, ilikarabatiwa na taasisi ya utamaduni ya Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009. Na kazi ile haikuwa ya maua peke yake, iligusa taa, mifereji ya maji na ukuta wa bahari.

Vipimo vya ukumbi wenyewe nitavitaja kwa ufupi: njia kuu isipungue mita 2.5 upana, taa ziwe za rangi ya vuguvugu ili chakula kipendeze machoni, na dari ipewe kitu cha kunyonya sauti, kwani vigae vitupu hugeuza mazungumzo kuwa kelele. Nyama mbichi na chakula kilichoiva visikutane njiani, wala taka zisitolewe kwa mlango ulioingiza mboga.

Lakini hadhi ni nini, ikiwa mlaji wa Kasulu ataingia katika ukumbi huo asikute ugali wa muhogo, migebuka, dagaa wa Kigoma, na asali ya Kibondo? Ukumbi unaouza chipsi na kuku peke yake, ungawa na marumaru ya Italia, nauhesabu kuwa umeshindwa. Mama lishe aliyepika gulioni miaka mingi anajua sufuria yake ina upana gani, maji kiasi gani humtosha kwa siku, na wateja humiminika saa ngapi. Elimu hiyo haimo vitabuni.

Kwa hiyo nawaomba wafanyabiashara na halmashauri za Kibondo na Kasulu, siku watakapotaka kujenga duka kubwa au kulipanua soko la Mabamba: msitie saini ramani yoyote kabla hamjaonyeshwa kwa kidole mtego wa mafuta uko wapi, dohani inatokea wapi na mitungi ya gesi inakaa wapi, na kabla mama lishe hawajaitwa, wakakalishwa kitini, na wakasikilizwa.