Saa ya Kompyuta Inapopotoka

Saa ya kompyuta huongozwa na fuwele ndogo inayotetemeka, na joto tu latosha kuipotosha. Ikikosea sana, kivinjari hukataa hata tovuti ya benki, kikidai cheti chake kimeisha muda.

Dawa ni ya zamani. David Mills, aliyehamia baadaye Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, alichapisha NTP, itifaki ya kusawazisha saa kupitia mtandao, mwaka 1985, na ingali kazini.

Kwenye Ubuntu, ili kuweka chrony, programu inayotumia NTP, fundi huandika `sudo apt install chrony`, kisha nywila. Basi! Amri ya `chronyc sources` huorodhesha seva za saa. Iliyochaguliwa huwekewa alama ya nyota. Nyota isipotokea hata baada ya dakika kadhaa, huenda ngome ya mtandao imefunga mlango wa UDP namba 123.