Grégory Lemarchal: sauti ilikuwa kubwa, pumzi ndiyo ilikosa

Bandugu wachimbaji, bamama wa nyumba, na ninyi vijana munaopenda muziki: wiki hii hatuanzi na mushahara. Tunaanza na muimbaji. Musishangae. Mwisho wa safari tutarudi paka kwenye mugodi.

Wale wenye miaka arobaini kama sisi wanakumbuka Star Academy ya Ufaransa. Vijana walifungiwa katika nyumba kubwa ya kitajiri kule Dammarie-les-Lys, wanafundishwa kuimba na kucheza, kamera zinawafuata usiku na mchana. Kila wiki watu walipiga kura kwa simu, na mwanafunzi mumoja alirudi kwao. Kwetu, lupangu yenye parabole ilijaa watoto mpaka kwenye mulango. Kila mutu alikuwa na wake wa kumushangilia.

Mwaka 2004, wa kwetu alikuwa Grégory Lemarchal. Kijana mwembamba, macho ya upole, lakini akifungua kinywa, nyumba nzima inanyamaza. Sauti yake ilipanda kule juu ambako wanaume wengi wanashindwa, na haikuvunjika.

Grégory alizaliwa tarehe 13 Mei 1983 huko La Tronche, karibu na Grenoble, akakulia upande wa Chambéry, inchi ya milima. Alikuwa hajafikisha miaka miwili wakati waganga waliona ugonjwa wake. Wafaransa wanauita mukovisidozi. Ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Baba na mama wanaweza kuubeba bila kujua, wao wenyewe wazima kabisa, na mutoto akiupokea kutoka kwa wote wawili, anaugua. Hauambukizi, na hakuna aliyemuloga mutu. Ute wa mapafu unakuwa muzito kama gundi, unaziba njia za pumzi, na vijidudu vinapata makao humo. Kila siku mugonjwa anavuta dawa kwa mashini, anakandwa kifua ili ule ute utoke. Kesho yake anaanza tena.

Pamoja na hayo, Grégory hakukaa kitini. Akiwa na miaka 12 alikuwa bingwa wa Ufaransa katika dansi ya rock ya kuruka na kupinduka. Kuimba kulikuja kwa muchezo. Mwaka 1998, wakati wa Kombe la Dunia, aliwekeana ahadi na baba yake: Ufaransa ikishinda, ataimba mbele ya watu. Ufaransa ikashinda. Akasimama, akaimba wimbo wa Charles Aznavour, na watu wakabaki kinywa wazi.

Tarehe 22 Desemba 2004 alishinda Star Academy kwa kura 80 kwa mia. Alikuwa mwanaume wa kwanza kushinda mashindano hayo Ufaransa. Wengine wanasema watu walimupigia kura kwa huruma. Sisi hatukubali. Huruma inaweza kukupa kura ya siku moja. Haikupi sauti. Na yeye mwenyewe hakupenda kuhurumiwa: alitaka wamusikilize kama muimbaji, si kama mugonjwa.

Albamu yake ya kwanza, Je deviens moi, ilitoka Aprili 2005. Mwaka 2006 alizunguka Ufaransa na inchi jirani, na mwezi wa Mei akaimba Olympia, ile sale ya Paris ambayo kila muimbaji anaiota. Fikirini kidogo: mutu ambaye kupanda ngazi ni kazi, anasimama jukwaani usiku kwa usiku, anashika noti ndefu mpaka watu wanasahau kupumua.

Mwanzo wa 2007 nguvu zikapungua. Ilibaki njia moja, kumupandikiza mapafu ya mutu mwingine aliyekufa. Akawekwa kwenye liste ya wanaongojea. Mapafu hayakufika kwa wakati. Tarehe 30 Aprili 2007 alikufa katika hospitali ya Foch, Suresnes. Alibakiza siku 13 tu atimize miaka 24.

Siku chache baadaye, tarehe 4 Mei, televisheni ya TF1 ilifanya kipindi kizima kwa ajili yake. Watu zaidi ya milioni 10 walitazama, na mamilioni ya euro yakatolewa kwa kupambana na ugonjwa huo. Watu wengi waliomba karte ya kukubali kutoa viungo vyao wakifa. Wazazi wake hawakukaa na machozi tu: mwaka ule ule walianzisha shirika lenye jina la mutoto wao, na linafanya kazi mpaka leo. Tangu 2021 Ufaransa inalipia dawa mpya ambayo imewatoa wagonjwa wengi kwenye ile liste ya kungojea mapafu. Grégory hakuiona. Lakini iko, na moja ya sababu ni kwamba kuna watu walikataa kunyamaza.

Sasa turudi kwetu.

Tuko na ndugu mumoja wa kazi, jina lake tunaliweka kando. Miaka 19 ametoboa mawe. Jumapili alikuwa tena wa chorale, sauti ambayo bamama walikuwa wanageuka kutafuta inatoka wapi. Mwaka uliopita, katikati ya wimbo, alikatika. Akakaa kwenye benchi, mukono kifuani. Leo anakuja bado kanisani, lakini anapiga tu makofi. Nyumbani wamegombana: huyu anasema ni uchawi wa shemeji, yule anasema ni sigara. Kazini walimuambia ni sigara pia. Hajavuta hata moja maishani.

Hatusemi ana ugonjwa wa Grégory. Ule unazaliwa nao. Wetu tunaupata kwenye kazi. Jiwe likitobolewa kavu, linatoa vumbi jembamba sana. Lenye silika linaingia chini kabisa ya mapafu na halitoki tena. Mapafu yanashika makovu, yanakauka, pumzi inafupika. Ndiyo silikozi. Inachukua miaka mingi bila kujionyesha, na mutu mwenye silikozi anakamatwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Hakuna dawa ya kuyarudisha mapafu jinsi yalivyokuwa.

Tofauti kubwa ni hii: mama ya Grégory hakuweza kuzuia kitu. Sisi tunaweza. Maji wakati wa kutoboa yanalaza vumbi. Hewa ya kutosha chini ya ardhi inalifukuza. Maski ya kweli, ile inayoshika uso vizuri na kubadilishwa kwa wakati, inasaidia. Kitambaa cha kufunga mudomo hakizuii vumbi jembamba. Na nguo za kazi zisifike nyumbani na vumbi lake, mama anazikung'uta na mutoto mugongoni.

Kwa hiyo, ndugu, kabla kikohozi hakijakukalia, uliza radio ya kifua. Ukishafanyiwa, omba majibu kwa maandishi, uyaweke nyumbani pamoja na karte yako ya kazi. Ugonjwa wa kazi una haki zake kwa CNSS, lakini bila karatasi utasema nini? Wewe wa kuchimba kwa mikono usiye na kontra, usibaki peke yako: pitia kooperative yako, pitia kwetu. Mulango wa sendika haumuulizi mutu kontra.

Yule ndugu wa chorale, tumemusindikiza sisi wenyewe kupiga radio. Dosie yake imefika pale inapopaswa kufika, na kila juma mumoja wetu anaenda kuuliza imefika wapi. Tutaendelea kuuliza.

Kwa Grégory, Wafaransa milioni 10 walikaa mbele ya televisheni. Kwa mwenzetu hakuna kamera. Kuna paka sisi. Na sisi tuko wengi.