FOTO YA USIKU TOKA JUU: KAMERA INAONA NINI, NA INAPOTEZA NANI?



Ile masini ndogo inayoruka, tunayoita droni, imejulikana mingi siku hizi. Wengine wanaitumia kwenye ndoa, wengine kwa kupima mashimo ya madini. Lakini kuna kazi yake moja inayotaka akili na uvumilivu zaidi: kupiga foto ya usiku toka juu. Tuizungumzie vizuri, kwa sababu iko na uzuri wake, na iko na hatari yake.

Kwa nini foto ya usiku inakawia?

Muchana mwangaza ni mwingi. Kamera inafungua jicho lake kwa sehemu ndogo sana ya sekonde, na inatosha. Usiku mwangaza ni kidogo. Basi inaomba kuacha jicho wazi sekonde 2, 4, hata 8, kusudi mwangaza ukusanyike polepole, sawa vile manyunyu yanavyojaza ndoo ukiiacha inje muda murefu. Droni ya Mavic 2 Pro, iliyotoka katika 2018, inaweza kuacha jicho wazi mpaka sekonde 8.

Lakini droni haisimami juu ya kitu. Inaning'inia katika hewa. Setilaiti zinaisaidia kujua pahali pake, na kamera imefungwa kwenye mukono mudogo wa mota unaotuliza mitikisiko. Hata hivyo, upepo kidogo tu unaweza kuharibu foto yote. Ukitaka nyota zichore miviringo mbinguni kwa saa nzima, usiombe droni. Tumia kamera ya chini, juu ya miguu mitatu.

Namna ya kufanya

1. Tembelea pahali pale muchana kwanza. Macho ya droni yanayoizuia kugonga vitu hayaoni vizuri katika giza. Angalia nyaya za umeme, miti na minara.

2. Chagua usiku usio na upepo, na batri ijae.

3. Weka ISO chini, 100 ao 200. Ukiipandisha sana, foto inajaa chembechembe sawa mchanga.

4. Lenga taa ya mbali, kisha ufunge ile lengo kusudi isibadilike.

5. Zima taa ndogo za mbele zinazotia rangi katika foto, kama masini yako inaruhusu. Lakini ile taa ya kuonya ndege zingine usiizime.

6. Piga foto 5 ao 10 za namna moja. Nyingi zitatikisika, moja ao mbili zitakuwa safi.

Angalisho: usirushe bila ruhusa ya wakubwa wa serikali na wa pahali pale, na usirushe juu ya vichwa vya watu. Hata Marekani, sheria ya 2021 inayoruhusu kazi hii ya usiku inadai rubani afunzwe, na droni iwe na taa ya kumulika inayoonekana karibu kilometa 5.

Kutengeneza foto kwenye ordinateri

Hifadhi foto mbichi, ile ya RAW, kwa sababu inachunga mambo mengi zaidi. Nyoosha mustari wa upeo. Inua kidogo sehemu za giza. Sahihisha rangi, maana taa za zamani zinatoa umanjano na taa za LED zinatoa weupe.

Kuna tena ufundi mwingine: foto 9 za namna moja zinawekwa moja juu ya ingine, na programu inatafuta wastani wao. Chembechembe zinapungua mpaka karibu sehemu moja ya tatu. Ni kazi nzuri. Lakini kutia mwezi ambao haukuwako, ao kufuta nyumba ya mutu, ile haiko kutengeneza tena. Ni kudanganya.

Wale wanaopotea

Sasa tufike kwenye neno kubwa. Katika 1838, Mufaransa Louis Daguerre alipiga foto ya barabara ya Boulevard du Temple, muji wa Paris. Barabara ile ilikuwa na watu na magari ya farasi. Lakini kamera iliachwa wazi dakika nyingi, na wote waliokuwa wanatembea walipotea. Anaonekana wazi mutu mumoja aliyesimama kimya akipigishwa viatu rangi. Daguerre hakufuta mutu hata mumoja. Wakati murefu ndio uliwafuta.

Vile vile leo. Ukipiga sekonde 8 juu ya mugodi ambapo wachimbaji wanatembea na taa za kichwa, utaona nyuzi za mwangaza, lakini miili yao haitaonekana. Na ukiweka foto nyingi pamoja kwa njia ya kuchagua tu kile kisichobadilika, hata zile nyuzi zitapotea. Foto itakuwa nzuri sana, na tupu. Ikifika mezani pa wale wanaokata shauri juu ya shamba ao njia ya watu, mutu atasema: «Munaona? Hapa hapakai mutu.» Kamera haikusema vile. Mutu ndiye anasema.

Basi, kijana, chini ya foto yako andika pahali, saa, jicho lilikaa wazi sekonde ngapi, na kile ulichobadilisha. Na kama watu wako pale, piga tena foto ya pili ya muda mufupi, hata kama ni ya giza na chembechembe. Haitapendeza sawa ya kwanza, lakini itaonyesha kwamba walikuwako.

Maulizo ya kuzungumza katika jamaa

— Kuna foto gani nyumbani mwenu isiyoonyesha mutu aliyekuwa pale? Kwa nini?
— Mutu akikulipa kusudi ufute kitu katika foto, utamujibu namna gani?