Umetoka jeshini Marekani? Hesabu miezi yako 36 kabla ya kuomba uzamili

Mwaka wa 2008 jeshi la Marekani liliidhinisha mpango wa MAVNI, uliowaruhusu baadhi ya wageni waliokuwa wakiishi huko kihalali kujiunga kwa sababu ya lugha wanazozijua. Kiswahili kilikuwa katika orodha hiyo. Mpango ulisitishwa mwaka wa 2016, lakini mwenye kadi ya kijani bado anaweza kuandikishwa, na wapo vijana wetu waliopita njia hiyo. Mkataba unapokwisha, huja swali la kufanya nini baadaye. Wengine huamua kurudi chuoni kusomea shahada ya uzamili. Ni uamuzi mzuri, ila una hesabu zake.

Hesabu ya kwanza ni ya karo. Sheria ya GI Bill ya baada ya Septemba 11, iliyoanza kutumika Agosti 2009, humpa askari wa zamani miezi 36 ya kusomeshwa. Hiyo ni miezi ya kuwa darasani, si ya kalenda. Kwa kuwa mwaka wa chuo ni kama miezi tisa, miezi 36 ni miaka minne. Hapo ndipo penye mtego. Shahada ya kwanza peke yake yaweza kuimeza yote, na anayetaka uzamili akajikuta mikono mitupu. Aliyeingia jeshini akiwa tayari na digrii ya Kenya ana bahati: uzamili wa miaka miwili utamla miezi 18 tu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usijisajili katika chuo chochote kwa sababu tu tangazo lake ni zuri. Hakikisha kwanza kwamba kina ithibati na kwamba kimeidhinishwa na VA, idara ya wanajeshi wa zamani.

Malipo kamili ya asilimia 100 ni ya aliyetumikia angalau miezi 36 ya kazi kamili. Aliyetumikia siku 90 hupata nusu, na kiwango hupanda kadiri muda unavyoongezeka. Kwa askari wa akiba, mazoezi ya wikendi hayahesabiwi kama kuitwa kazini. Jambo jingine zito ni namna ulivyoondoka: msaada huu hutaka uwe umeachishwa kwa heshima kamili.

Katika chuo cha serikali, mwenye asilimia 100 hulipiwa karo yote ya mkazi wa jimbo. Katika chuo cha binafsi kuna kikomo, na uzamili wa biashara au sheria mara nyingi hukipita. Uliza kama chuo kimo katika mpango wa Yellow Ribbon, ambapo chuo huchangia pengo hilo na VA huongeza kiasi kilekile. Uliza pia ni nafasi ngapi, maana vyuo vingine huweka kikomo.

Kuna pia pesa za nyumba. Hukadiriwa kwa mji kilipo chuo, na hutolewa kwa anayesoma zaidi ya nusu ya masomo ya kawaida. Anayesoma kwa intaneti pekee hupata kidogo zaidi, na siku za likizo kati ya mihula hazilipwi. Familia iliyoko nyumbani nayo ilijue hili, isipange matumizi ya kila mwezi kwa pesa zisizokuja kila mwezi.

Sasa maombi yenyewe. Anza mwaka mmjoa kabla, kwa sababu kozi nyingi zinazoanza Agosti au Septemba hufunga maombi Desemba au Januari. Tayarisha hati ya DD-214, cheti cha VA cha kustahiki, na matokeo ya chuo. Digrii ya Kenya huenda ikahitaji kutathminiwa na shirika linalokubaliwa na chuo, na kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Kama unatakiwa kufanya GRE au GMAT, VA yaweza kukurejeshea ada. Vyuo vingi vya biashara pia husamehe ada ya maombi kwa waliotumikia jeshi, lakini sharti uulize.

Insha ya kujieleza ndiyo inayowaangusha wengi. Profesa hajui vifupisho vya jeshi, na cheo pekee hakimwambii kitu. Ukiandika kwamba ulikuwa sajini wa ugavi, umemwachia kazi ya kukisia. Mweleze uliongoza watu wangapi, ulisimamia mali gani, tatizo lipi lilitokea na ulilitatuaje. Kisha uunganishe hayo na unachotaka kusoma. Barua ya kamanda aliyekuona ukifanya kazi ina uzito kuliko ya jenerali asiyekujua. Lakini tafuta pia mwalimu mmoja atakayethibitisha kwamba unaweza kusoma na kufanya utafiti. Shirika la Service to School huwasaidia askari wa zamani kuandaa maombi bila malipo.

Jambo moja halingoji utoke. Ukitaka kumhamishia mke, mume au mtoto miezi yako, sharti uombe ungali ndani ya jeshi, ukiwa umetumikia miaka sita na kukubali mingine minne. Ukishavua gwanda, mlango huo umefungwa.

Wazazi mlioko huku nyumbani, kabla ya kuuza kiwanja ili kumsaidia kijana karo, mwulizeni maswali matatu: DD-214 yake inasemaje, amebakiwa na miezi mingapi, na chuo anachokitaka kimeidhinishwa? Majibu yake yatawaonyesha kama kiwanja kina haja ya kuguswa.