Kaburi Lililokingama

Baba yangu alikuwa mchimba makaburi kijijini kwetu, karibu na Pangani, na tangu nina miaka kumi mimi ndiye niliyemshikia kamba ya kupimia. Pwani kwetu Makka iko upande wa kaskazini, kwa hiyo kaburi huchimbwa mashariki kwa magharibi. Kichwa huwa mashariki, maiti akalazwa kwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, uso ukielekea kibla. Baba hakugusa sululu kabla hajapima mara tatu.

Ndiyo sababu nilipopanda kwenye makaburi ya Pilgrim's Rest, mji wa dhahabu ulioko Mpumalanga, Afrika Kusini, jicho langu lilikwenda kwenye kaburi moja kabla sijasoma chochote. Wakristo waliozikwa kilimani pale nao wamelazwa mashariki kwa magharibi, kwa desturi yao ya kungoja ufufuo wakielekea mawio. Hili moja limekingama, kaskazini kwa kusini. Lina mawe, msalaba, na badala ya jina limeandikwa kwa Kiingereza: Kaburi la Mwizi.

Ili mtu aelewe hasira ya waliomzika hivyo, lazima aijue kazi yao ya kutafuta dhahabu. Mwaka 1873 Alec Patterson, aliyebandikwa jina la Wheelbarrow kwa kuwa alisukuma mali yake yote kwenye toroli, alipata dhahabu kwenye kijito cha pale. Habari zikavuja, watu wakamiminika. Walikoroga mchanga kwenye karai, au wakaupitisha na maji kwenye mifereji ya mbao; matope yakachukuliwa na maji, dhahabu kwa uzito wake ikabaki chini. Kutwa nzima miguu majini, na jioni pengine chembe za kujaza ncha ya kijiko. Chembe hizo zililala na mwenyewe hemani, na hema halina komeo. Kambi ya namna hiyo husimama kwa kuaminiana tu.

Husimuliwa kwamba mtu wa kaburi lile alikamatwa akiiba mahemani, akafukuzwa kambini, akaonywa asirudi. Akarudi. Alipigwa risasi kilimani na kuzikwa papo hapo alipoanguka. Wafu wengine walikuja kuzikwa kumzunguka, hata pakawa makaburi ya mji mzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mgodi wa pale ulifungwa, serikali ikaununua mji pamoja na nyumba zake za mabati, na leo wageni wanapanda kilima kumwona mwizi. Wengi hupiga picha wakicheka. Mimi sikuweza. Kumfukuza mwizi naelewa. Nimelelewa na watu waliolia kwa kuibiwa. Lakini kumnyima maiti jina, kisha kumgeuza ili hata siku ya kufufuliwa asielekee waelekeako wenzake, ni kumhukumu mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki.

Niliwahi kuona mwizi akiletwa kwetu, ameuawa kwa mawe sokoni, hana ndugu. Waliomleta walitaka shimo tu, upesi, jua lilikuwa linazama. Baba aliniita nishike kamba. Akapima, akapima tena, akaniambia nisogee kidogo upande wa mashariki, akapima mara ya tatu, ndipo akaomba sululu.